Bakuli la maganda: kisa cha kasuku aliyekula alizeti peke yake

Mjukuu alinifungulia mlango akiapa kabla sijauliza kitu. “Daktari, wallahi chakula anacho. Tazama mwenyewe, bakuli limejaa. Yeye ndiye hataki.”

Kweli lilikuwa limejaa. Nililitoa kwenye tundu, nikalipeleka dirishani, nikalipuliza mara moja. Maganda ya alizeti yakaruka, yakatua kwenye zulia na mabegani mwa kijana. Chini kabisa zilibaki mbegu nne, moja imeoza. Kijana akanyamaza.

Kasuku hamezi mbegu na ganda lake. Huibana kwa ncha ya mdomo, huizungusha kwa ulimi, hulipasua ganda, humeza kiini, na ganda hudondokea palepale bakulini. Ukipita asubuhi ukaangalia kwa mbali utaapa hajagusa kitu. Bi Mkubwa mwenye ndege alikuwa Lamu kwenye Maulidi, siku ya nne hiyo, na kwa nilivyohesabu kasuku wake, Sultani, alikuwa amekaa siku mbili akichakura maganda matupu. Asubuhi hiyo alianguka kutoka kwenye kijiti chake, akatetemeka mabawa, akabaki sakafuni mwa tundu. Hapo ndipo nilipigiwa simu.

Kisa hiki nakiandika kwa sababu swali ni lilelile kila mara: kasuku wangu hali kitu ila alizeti, nifanyeje? Jibu ninalolitoa leo silo nililompa Bi Mkubwa mara ya kwanza. Lile la kwanza lilimkondesha ndege mpaka nikaogopa.

Mgonjwa

Sultani si jina lake. La kwake nimeliacha nyumbani kwake. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule ambaye mtu wa Pwani akisema “kasuku” bila kuongeza neno humkusudia yeye. Ana miaka 19 kwa Bi Mkubwa, katika nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, Mombasa. Nilianza kwa kuuliza karatasi, kama kawaida yangu. Ndege hawa wamo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na Kenya kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Kibali kilikuwepo, kimehifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa nyumba.

Mizani ilisema gramu 431. Kasuku wa kijivu mzima huwa kati ya gramu 400 na 550 hivi, kwa hiyo hesabu peke yake haikunitisha. Puani palikuwa na ukoko. Alipiga chafya mara tatu nikiwa nimemshika.

“Hiyo anamuiga nyanya,” kijana akasema.

Nilikaa nikasikiliza, nikagundua tundu lile lina chafya mbili. Moja kubwa, yenye “alhamdulillahi” nyuma yake: hiyo kweli ilikuwa ya kuiga. Nyingine ndogo, kavu, isiyo na maneno. Hiyo ya pili ndiyo ugonjwa, na nyumba nzima ilikuwa imeicheka kwa miezi.

Nikammulika mdomoni. Kwenye kaakaa la kasuku kuna ufa, na kando ya ufa huo kuna vijino laini vilivyojipanga kama meno ya kitana. Vya Sultani vilikuwa vimelika, vingine havipo kabisa. Ukiona hivyo, shuku kwanza kwamba vitamini A imekosekana kwa muda mrefu. Ngozi nyororo ya ndani ya pua na mdomo hukauka ikawa ngumu, ute hupungua, na bakteria na kuvu hupata njia. Chafya na ukoko vilikuwa mwanzo wa safari hiyo.

Alizeti si sumu. Ni tamu, ina nguvu, na kwa ndege anayeruka kilomita nyingi kwa siku isingekuwa na neno. Lakini karibu nusu ya uzito wa kiini chake ni mafuta, vitamini A ni kama haimo, na fosforasi yake inaizidi kalsiamu karibu mara nane. Sultani haruki. Hutembea kijiti kizima, sentimita sitini, kisha hurudi.

Kuanguka nako kulikuwa na sababu yake. Kasuku wa kijivu, kuliko kasuku wengine wengi, huangushwa na upungufu wa kalsiamu katika damu: hutetemeka, huyumba, hata hushikwa na kifafa. Tundu la Sultani lilikaa sebuleni nyuma ya kioo. Mwanga ulikuwa unaingia vizuri, lakini ile miale ya jua inayomsaidia ndege kutengeneza vitamini D huzuiwa na kioo, na pasipo vitamini D hata kalsiamu anayoila mwili haiichukui sawasawa. Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa chini. Matibabu nayapita haraka: kalsiamu ya sindano, kisha ya kunywesha, dawa ya pua, na tundu likahamishiwa roshani yenye jua la asubuhi na kivuli upande mmoja. Siku ya tatu alikuwa amesimama imara na anamtukana paka. Ikabaki habari ya chakula.

Njaa niliyoiagiza

Bi Mkubwa alirudi kutoka Lamu na halua mkononi na lawama mdomoni, za mjukuu kwanza, kisha za ndege.

“Huyu ana kiburi, mwanangu. Embe nampa, aitupa. Ndizi, aitupa. Nampikia wali, auchezea. Yuataka alizeti zake tu, na mimi ni mtu mzima, siwezi kushindana na ndege.”

“Bi Mkubwa, akisikia njaa kiburi kitamtoka.”

Nilisema hivyo kwa uhakika ambao leo unanitia haya. Mpango wangu ulikuwa huu: alizeti ziondolewe kutoka asubuhi hadi magharibi, bakulini viwekwe papai, karoti, ndizi na mchicha, jioni apewe mbegu kidogo za kumlaza. Jambo moja tu nililifanya sawa. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, nikaifungia kijiti juu, nikamfundisha kijana kumpima kila alfajiri kabla hajala, baada ya kujisaidia mara ya kwanza.

Siku ya kwanza 431. Ya pili 424. Ya tatu 409. Ya nne 398.

Hizo ni gramu 33 zilizokwenda, zaidi ya asilimia 7 ya mwili wake. Akifika asilimia 10 mimi humhesabu ndege kuwa yuko hatarini, na huyu alikuwa ametoka kuugua juzi. Choo chake kilikuwa kimepungua na kugeuka kijani cheusi, cha nyongo, choo cha tumbo tupu. Nikarudisha alizeti zote asubuhi ileile.

Ndipo Bi Mkubwa akaniita kando. “Nikwambie kweli, mwanangu? Kila usiku nilimpa kiganja cha ziada. Roho haikuniwacha.” Kwa hiyo zile gramu 398 zilikuwa za ndege aliyelishwa kwa siri. Angenitii sawasawa, sijui ningekuwa naandika kisa gani. Wenzangu huwalaumu wenye ndege kwa kutofuata maagizo. Mimi tangu siku ile huuliza kwa upole nani ameyavunja, na wapi.

Kisha nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza: nilivuta kiti, nikakaa saa mbili nikimtazama.

Sultani hakuwa ameonja karoti akaikataa. Hakuionja kabisa. Nilipoileta karibu alibana manyoya mwilini, akarefuka shingo, akahamia ncha ya mbali ya kijiti. Kijana alipopita na ufagio alifanya vilevile, hatua kwa hatua. Kwake karoti haikuwa chakula kibaya. Ilikuwa ufagio. Na ufagio hata ukae na njaa siku tatu hutauonja.

Jambo la pili lilihusu bakuli lenyewe. Kwa miaka 19 bakuli lile lilikuwa mahali pa amani, na mimi nilikuwa nimelijaza vitu vya kutisha. Hata baada ya alizeti kurudi alilizunguka kwa wasiwasi, akashuka kula karibu na adhuhuri. Chakula kipya nilikuwa nimeshindwa kumlisha, nikamharibia na mahali pa kula cha zamani.

Wafugaji wengi hudhani ndege anachagua kwa ladha, kama mtoto asiyependa mboga. Lakini kasuku ana vinundu vya kuonjea ladha mia chache tu mdomoni, sisi tuna maelfu. Kabla ladha haijafika, jicho limeshaamua, na baada ya jicho ulimi unapima umbo na ugumu. Kasuku wa kijivu ni mwoga wa vitu vipya kuliko wengi wa ukoo wake. Katika misitu anakotoka, kuanzia Afrika Magharibi hadi Kongo, Uganda na ncha ya mwisho huku Kakamega, haishi peke yake. Huenda kwa makundi, na mdogo hutazama wakubwa wanakula nini. Sultani hakuwahi kuwa na mkubwa wa kumtazama. Alikuwa na Bi Mkubwa.

Pilipili

Kwa Bi Mkubwa huondoki bila kula. Tukatandikiwa wali, mchuzi wa samaki, kachumbari, na kisahani cha pilipili mbuzi. Alipoichukua ya kwanza tu, Sultani alikimbia hadi ukingo wa kijiti, mboni zikifinyika na kupanuka, zikifinyika na kupanuka, kama taa ya gari inayokonyeza. Bi Mkubwa akaipitisha pilipili kwenye waya bila hata kugeuza uso, kama mtu anayempa jirani chumvi.

“Bi Mkubwa! Anakula pilipili?”

“Tangu yu mdogo. Wazee walitwambia yamfungua ulimi, asome maneno upesi.”

“Si ulinambia hali kitu ila alizeti?”

“Pilipili ni chakula?”

Hakunidanganya. Mimi niliuliza anakula nini, yeye akanijibu kuhusu chakula. Pilipili ni kiungo. Siku hizi siulizi hivyo. Nauliza ndege anaweka nini mdomoni kuanzia alfajiri mpaka anapofunikwa, na nani anampa.

Kuhusu maneno, pilipili haimfundishi kasuku kusema. Lakini wazee hawakukosea kumpa. Ule ukali unaotutoa machozi ndege hausikii kabisa. Mishipa yake ya fahamu haiuitikii. Ndege hula pilipili akaenda kuzidondosha mbegu mbali, na mmea hauna sababu ya kumfukuza. Sisi wanyama wa kutafuna ndio tunaofukuzwa. Na pilipili iliyoiva, nyekundu, ina karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Basi nikajiuliza: ndege anayekula pilipili kila mchana kwa miaka 19, vijino vya kaakaa vimelikaje?

Nilisogeza kiti. Sultani aliishika pilipili kwa mguu, akaipasua pembeni, akaingiza ncha ya ulimi, akatoa mbegu moja. Akaipasua, akaimeza. Akatoa nyingine. Alipoimaliza yote aliachia ganda jekundu likaanguka chini, akanitazama. Nikavuta trei ya tundu. Chini yake kulikuwa na maganda ya pilipili ya wiki nzima, yamekauka, mazima, hayana jino hata moja. Vitamini yote ilikuwa imelala pale kwenye gazeti.

Kwake pilipili ilikuwa mfuko wa mbegu, naye alikuwa mla mbegu. Na mfuko huo aliukubali kwa sababu ulitoka kwenye sahani ya mtu anayemtazama akila kila siku. Hapo ndipo nilipopata pa kuanzia. Badala ya kumwambia ndege aache mbegu, tutafute mbegu zilizojificha ndani ya kitu tunachotaka akile, na Bi Mkubwa awe wa kwanza kukila.

Mbegu ndani ya nyama

Tulianza na pilipili hoho nyekundu kutoka soko la Marikiti. Ya kijani ina karotini kidogo, ndiyo maana nilisisitiza nyekundu ingawa bei yake inauma. Ilikatwa nusu, mbegu zikaachwa mahali pake. Haikuwekwa bakulini, bakuli tulilirudishia alizeti peke yake na hatukuligusa tena. Tundu lililetwa karibu na meza ya kifungua kinywa, Bi Mkubwa akala nusu moja mbele yake bila haraka, nusu nyingine akaiweka kwenye kisahani anachokiona lakini hakifikii. Siku mbili alitazama tu. Siku ya tatu alinyoosha shingo, akapewa, akaiangusha, akashuka kuifuata. Mbegu za hoho zimeshikana na ule ute mweupe wa katikati, hazitoki moja moja kama za pilipili mbuzi. Ilimbidi aume. Siku ya sita nikaona meno ya mdomo kwenye nyama yenyewe, alama tatu ndogo za pembe tatu.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi simu ililia. “Daktari, anahara damu!”

Nilimwambia kijana alete gazeti la trei. Nikachukua karatasi nyeupe, nikapangusa. Ilikuwa rangi ya hoho. Sijawahi kufurahia choo cha ndege kiasi kile, maana hakuna ushahidi mwingine mzuri wa kwamba chakula kimemezwa na si kuchezewa. Tangu hapo tulisoma trei kila siku: nyekundu ya hoho, rangi ya chungwa ya boga, kijani kibichi cha sukuma.

Baada ya hoho likaja boga, kipande kibichi na mbegu zake na nyuzi zake. Hilo halikumsumbua, mbegu za boga ni kubwa na alizifuata kwa pupa. Kisha tukalichemsha, tukaliponda, na mimi mwenyewe nikachomeka alizeti kumi juu yake kama mishumaa. Siku zilizofuata zilizamishwa zaidi, nusu, robo tatu, mpaka hazionekani. Mdomo ulitoka umepakaa boga, akaufuta kwenye kijiti kwa hasira. Akaufuta tena. Siku ya nne akakilamba kile kijiti. Bi Mkubwa alicheka mpaka akashika ubavu.

Kwa viazi vitamu nilikuwa mkali kidogo na kijana, kwa sababu mara ya kwanza aliniletea vyeupe. Vyeupe vinashibisha tu. Vinavyotakiwa ni vile vya rangi ya chungwa ndani. Juu yake tulidondosha mawese, matone machache, tuliyoyapata kwa jirani Mkongomani anayeletewa na ndugu zake. Kasuku wa kijivu akiwa msituni hupenda mno nyama ya chikichi, na mawese mekundu yana karotini tele mradi hayajachomwa yakapauka. Ningependa kuwaambia kwamba Sultani alinusa mawese, akakumbuka msitu wa babu zake, akala. Hakukumbuka kitu. Ilimchukua siku tisa, na zile saba za kwanza alimrushia kijana.

Ratiba yenyewe haikuwa ngumu. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, mezani, vitu vipya. Saa nne alizeti bakulini, na jioni tena. Chochote chenye maji kiliondolewa kikishakaa muda wa saa mbili, kwa joto na unyevu wa Mombasa kiporo cha boga huchacha ukitazama. Alizeti hatukuzipunguza mpaka uzito ulipotulia juu ya 425 kwa wiki mbili mfululizo. Kutoka bakuli la kujaa zikawa vijiko vitatu, baadaye viwili. Gramu zikishuka siku tatu mfululizo tulisimama hapohapo, hatukusonga mbele.

Meza ya Bi Mkubwa nayo ilileta hatari zake. Ndege anayekula unachokula atataka vyote: mbaazi za nazi zenye chumvi, chai ya maziwa, na siku moja kipande cha parachichi ambacho nilikiona kikiwa njiani kuelekea kwenye waya nikaruka kama mlinda lango. Parachichi ni sumu kwa kasuku, huua moyo, halina “kidogo tu.” Chokoleti, kahawa na vitunguu navyo havimfai. Tulikubaliana chakula cha Sultani kipakuliwe kabla ya chumvi kuingia. Haikupita muda Bi Mkubwa akaona usumbufu kupika mara mbili, akaacha chumvi kwenye boga lote. Ana presha, kwa hiyo bintiye akanipigia kunishukuru kwa jambo ambalo silo nililoitwa kulitibu.

Karanga nilizikataa kabisa. Bi Mkubwa alikuwa akimtuza nazo, na zilitoka kwenye gunia la zamani la stoo. Karanga na mahindi yaliyokaa kwenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo huharibu ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui wakiathirika zaidi. Hao ni watu wazima na watoto. Huyu hana hata nusu kilo.

Huenda mtu akauliza kwa nini sikumwandikia tu zile peleti za dukani, vidonge vya chakula cha ndege kilichochanganywa tayari. Ni nzuri, na kwa mwenye uwezo ningemwambia azijaribu. Lakini hutoka ng'ambo, bei yake ni ya ng'ambo, na huadimika ghafla. Sikutaka kumhamisha ndege kutoka kwenye kitu kimoja kwenda kwenye kitu kingine kimoja ambacho mwezi ujao hakipo.

Kalsiamu ilihitaji njia yake. Nilikuwa nimeagiza mchicha siku ya kwanza, kosa jingine: mchicha una asidi inayoikamata kalsiamu isitumike mwilini. Sukuma wiki ni bora zaidi kwa kazi hiyo. Jani zima, limeloweshwa maji, lilining'inizwa juu ya tundu. Sultani aliligeuza bafu. Alijisugua kifua, akapiga mabawa, akamlowesha paka. Siku kadhaa alioga tu, kisha akaanza kulichana, na mahali fulani kati ya kuoga na kuchana vipande vikaanza kumezwa. Sina tarehe, trei ndiyo iliyotwambia. Tuliongeza mfupa mweupe wa dome, jamaa wa ngisi na pweza, unaookotwa ufukweni, umeoshwa, umelowekwa na kukaushwa juani. Na yai la kuchemsha mara moja kwa wiki, baada ya mjadala.

“Ndege kula yai? Si kama mwanawe huyo?”

“Ni la kuku, Bi Mkubwa.”

“Ni jamaa.”

Hata hivyo alimpa, akiwa amegeuza uso.

Mwezi wa tano

Mizani ya juzi ilisoma 446. Kalsiamu ya damu imerudi mahali pake. Manyoya mapya ya kifuani yana ule unga mwepesi wa kasuku mwenye afya, yale ya zamani bado yamefifia na itabidi kusubiri yapukutike. Vijino vya kaakaa havijaota upya, pengine havitaota vyote, na ile chafya ndogo isiyo na maneno husikika mara mojamoja upepo wa kusi ukileta unyevu. Chafya kubwa ipo palepale, na alhamdulillahi yake.

Alizeti hajaziacha na sina nia azipoteze. Anazipata baada ya kazi, nyingine zimefungwa kwenye vipande vya gazeti azifungue mwenyewe. Kijana amejifunza kupuliza bakuli kila asubuhi. Nimeona sehemu ya zulia chini ya dirisha imebadilika rangi.

Papai tu ndilo limenishinda. Tulilijaribu kwa njia zote, bivu, bichi, lenye mbegu, lililopondwa na boga, lililoliwa na Bi Mkubwa kwa madoido ya mchezaji wa maigizo. Sultani huchukua kipande, hutoa mbegu, huzifuta moja moja kwenye kijiti mpaka ziwe kavu, huzila. Nyama humwangushia paka. Paka huinusa, huondoka.

Papai nimeliacha.